Kopi ya Kitambulisho, Mbele na Nyuma

Wenzetu Marekani wakiibiwa taarifa wanaibiwa kwa heshima. Mwaka 2017 wadukuzi waliingia Equifax, ile kampuni inayotunza kumbukumbu za nani anakopesheka na nani hakopesheki. Walipitia tundu la programu ambalo kampuni ilishaambiwa ilizibe, haikuliziba. Wakajichimbia humo tangu Mei mpaka mwisho wa Julai, wakatoka na majina, tarehe za kuzaliwa na namba za utambulisho za watu wapatao milioni 147. Wezi wamesoma, wamekesha, wametoka jasho. Ukiibiwa namna hiyo unaweza hata kusimulia harusini.

Sasa njoo kwangu mimi, Tabata. Za kwangu haibi mtu! Naziandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwa kalamu iliyofungwa kamba isiibiwe. Kalamu inalindwa. Mimi hapana.

Nenda ofisi yoyote pale mjini. Getini yupo mlinzi na daftari kubwa la kaunta. Jina kamili, namba ya simu, namba ya kitambulisho, unatoka wapi, unakwenda kwa nani, sahihi. Nimekwenda kumuuliza jamaa yangu habari za bati alizoahidi kuniuzia, naandikishwa utadhani naoa pale. Na mlinzi wala hasomi, anachotaka ni mstari ujae. Aliyenitangulia kaandika jina "Mgeni", anakotoka "Nyumbani", kapita zake. Mimi niliyeandika ukweli mtupu nikarudishwa, eti mwandiko haueleweki.

Halafu hii namba ya NIDA, jamani. Tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na tarehe uliyozaliwa. Maana yake daftari la getini linajua umri wa kila aliyepita. Kuna dada mmoja wa mtaani kwetu, kila mwaka anakata keki ya miaka 35. Siku hiyo alikuwa mstari wa juu yangu. Sikukusudia kusoma, macho yalikwenda yenyewe. Namba yake inaanza na 1974. Tangu hapo namwamkia shikamoo, na mwenyewe hajaelewa nimepatwa na nini.

Ukimaliza daftari, zinakuja kopi. Kufungua akaunti, kopi. Kupanga chumba, kopi. Mwanao kuanza shule, kopi yako, kopi ya mama yake, na mbele na nyuma, usijifanye mjanja ukaleta mbele peke yake. Kijana wa steshenari anakwambia umtumie WhatsApp aprinti, unamtumia, na kompyuta yake imejaa vyeti vya kuzaliwa vya kata nzima. Nilikuwa najiuliza makaratasi yote hayo yanaishia wapi. Siku hizi najua. Yanaishia kwa mama muuza mihogo.

Nilifungiwa mihogo kwenye fomu ya mkopo ya mtu. Imejazwa yote. Bwana mmoja mwenye tai, picha ya pasipoti kwenye kona, mafuta yameshapenya shavu la kushoto unaona mpaka upande wa pili. Chini, jina la mwajiri, mshahara, jina la mdhamini, dole gumba la wino wa bluu, limekolea vizuri. Pilipili ilikuwa imeangukia kwenye makato. Nikamwonea huruma mwenzangu, nikamwonyesha mke wangu aone dunia ilivyoharibika. Mama watoto akaifuta pilipili kwa kidole, akausoma mshahara, akaniangalia mimi. Hakusema neno. Mihogo ile sikuisikia ladha.

Na sheria ipo, msidhani hatuna. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Anayekusanya taarifa zako anatakiwa akwambie anazitaka za nini, na asichukue kuliko anavyohitaji. Nilimweleza yote hayo yule mlinzi, kwa utaratibu kabisa, watu wamepanga foleni nyuma yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Umeongea vizuri, mzee wangu. Namba ya simu hujaweka."

Lakini walionimaliza ni wa mikopo ya simuni. Unapakua programu, inakuomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyohifadhi, unakubali kwa sababu una shida na hela. Ukichelewa kurejesha siku moja tu, wanatangaza msiba kwa simu yako nzima. Benki Kuu ilitoa orodha Novemba 2024, programu 69 zinazokopesha watu bila leseni. Mimi sijakopa hata moja. Jirani yangu muuza kuku ndiye aliyekopa, na meseji ikaja kwangu: "Habari MTEJA MBISHI FIRIGISI, mwambie mtu wako alipe deni leo."

Mteja Mbishi Firigisi! Miaka yote nanunua kuku kwa yule bwana, tunataniana, ananiita kaka, kumbe kwenye simu yake ndivyo nilivyo. Sasa taarifa za nani zilizovuja hapo, zake au zangu? Nilikwenda kumuuliza, akaanza kulia habari za riba, ikabidi nimbembeleze mimi.

Hao wa "ile hela itume kwenye namba hii" nilishawazoea, meseji zao nazituma 15040 tunavyoelekezwa, maisha yanaendelea. Mpaka shemeji yangu alipoingia kati. Huyu nilimkopesha laki mbili mwaka juzi, na tangu hapo akiniona msikitini anabadilisha mlango. Jumapili kaja mwenyewe nyumbani, kifua mbele, kavaa na saa. Anasema, "Shemeji, lile deni tumemalizana." Tumemalizana wapi? Akatoa simu. Alipata meseji ya kutuma hela kwenye namba ngeni, akajaribu, na jina likaja. Langu! Yote matatu, na la babu lipo, ambalo hata mkwe halijui. Akaona ndiyo mimi nimebadilisha laini, akatuma laki mbili zote.

Nikabonyeza *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Ya kwangu hii hapa, na chini yake ile namba, imetulia, imesajiliwa kwa kidole changu. Nikamkumbuka kijana wa mwavuli aliyenisajilia laini, "Baba, kidole hakijasoma, weka tena." Nikaweka tena. Kumbe kilisoma. Na neno la siri likiibwa unabadilisha, kidole nikabadilishe wapi?

Shemeji hataki kusikia habari za vidole. Anasema jina ni langu, NIDA ni yangu, hela imepokelewa, mambo ya wezi ni kati yangu na wao. Mke wangu yuko upande wa kaka yake. Shemeji amekunywa chai yangu, amekula chapati zangu, na alipofika mlangoni akageuka kunikumbusha kwamba hata asante sijamwambia, wakati aliweka na ya kutolea.