Mnaupiga picha mnara, mwamba mnauacha nje

Jumapili hii nimetoka shifti ya usiku sijalala hata lepe, nikaendesha moja kwa moja mpaka Cape Elizabeth, hapa jimbo la Maine, Marekani, kuwahi jua kwenye mnara wa taa wa Portland Head. Nafika nakuta watu kama kumi na tano hivi wameshajipanga kwenye fensi juu ya genge la mawe, tripodi, zile stendi za kamera, bega kwa bega utadhani foleni ya sukari, na wote lenzi zimeelekea sehemu moja, ule mnara mweupe na nyumba yenye paa jekundu, basi. Kijana mmoja alikuwa anatuonyesha picha yake kwenye kioo cha kamera. Nzuri kweli, anga la rangi ya chungwa, mnara umesimama katikati. Ila chini amekata. Yaani ule mwamba wote uliopo chini ya mnara hakuna, picha inaanzia kwenye majani. Nikajiuliza moyoni, sasa huu mnara hapo unafanya nini?

Ndo jambo linalonikera kwenye picha za minara ya taa, ngoja niliseme leo. Watu wanaupiga mnara kama vile wanapiga picha ya keki. Wakati minara mingi ya taa duniani imewekwa pale ilipo kwa sababu kuna kitu kwenye maji kinapasua meli, na hapa Maine kitu hicho ni miamba. Ukiutoa mwamba kwenye picha umebakiwa na nyumba nyeupe ndefu, na nyumba nyeupe ziko kila mahali.

Mi ni mtu wa Tanga. Kwetu kuna mnara wa taa kisiwa cha Ulenge, nje ya bandari, wa enzi za Mjerumani, na kule Unguja upo wa Chumbe wa mwaka 1904, umejengwa juu ya kisiwa ambacho chote ni jiwe la matumbawe, lile jiwe lenye makali kama msumeno ukilikanyaga pekupeku unalia. Kwa hiyo nilipohamia huku nikaona minara mingi hivi nikajihisi kama niko nyumbani kidogo, ukiacha baridi. Baridi yao tuiache kwanza nitairudia.

Historia ya huu wa Portland Head nayo ni ya mawe mwanzo mwisho. Walianza kuujenga 1787, wakati huo Maine ilikuwa bado sehemu ya Massachusetts, hela zikaisha, ikabidi serikali mpya ya George Washington iumalizie, na taa ikawashwa mara ya kwanza tarehe 10 Januari 1791 kwa taa 16 za mafuta ya nyangumi. Mafundi waliambiwa mawe wayaokote hukohuko mashambani na ufukweni. Ina maana ukuta wa mnara na mwamba ulioukalia ni ndugu, halafu mtu anakuja na kamera ya mamilioni anawatenganisha!

Halafu kuna habari ya meli ya Bohemian. Februari 1864 ilikuja kutoka Liverpool imejaa wahamiaji, wengi Waairishi, ikagonga mwamba nje ya Cape Elizabeth wakafa wahamiaji wapatao 40. Mnara ulikuwa mfupi, mwaka uliofuata ndo wakauongezea urefu. Mi ni mhamiaji, naishi mji ambao siku hizi ukipanda basi unasikia Kiswahili cha Kongo siti ya nyuma na Kiswahili cha Burundi siti ya mbele, kwa hiyo kila nikisimama pale nawaza wale watu walioiona pwani ya nchi mpya kwa mbali tu, wakaishia hapo. Huwezi ukayajua hayo halafu ukapiga picha ya majani na paa jekundu. Chini ya mnara kabisa, kwenye jabali, wamepaka maandishi meupe kukumbuka meli nyingine, Annie C. Maguire, iliyopanda juu ya mawe mkesha wa Krismasi 1886, hiyo watu walipona wote maana mlinzi wa taa na familia yake walitoka kuwasaidia. Mwamba wenyewe umeandikwa kabisa jamani, na bado mnaukata.

Tuje kwenye picha sasa maana najua mnataka hilo.

Kitu kikubwa ni maji. Sio jua, maji. Wenzangu wengi wanafungua apu wanaangalia saa ya kuchomoza jua, wanaweka alamu, wamemaliza. Mi naangalia kwanza jedwali la maji kupwa na kujaa. Hapa Portland siku ya kawaida maji yanapanda na kushuka karibu mita 3, na siku za bamvua, yale maji makubwa, ni zaidi, kwa hiyo sehemu uliyoiona wiki iliyopita saa kumi na mbili asubuhi leo inaweza kuwa iko chini ya maji au imekuwa uwanja mzima wa mawe. Hili sikufundishwa na yutyubu, nimefundishwa na mama. Mama alikuwa akiamka alfajiri bamvua anashuka na wenzake na kikapu na kijiti cha kutafutia pweza, na alikuwa hahitaji jedwali, anautazama mwezi tu. Ukiona mwezi mchanga au mwezi mpevu ujue maji yatatoka sana, ukiona nusu mwezi ni maji mafu usijisumbue. Na kila siku maji yanachelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Ukishika hayo mawili unaweza kupanga safari ya picha wiki mbili mbele bila apu yoyote.

Mimi napenda maji yakiwa yametoka nusu na yanaendelea kutoka. Sababu mbili. Ya kwanza mawe yamelowa bado, na jiwe lililolowa lina rangi, jiwe kavu linakuwa la kijivu kama simenti. Ya pili ni uhai wangu, maji yanayotoka hayakufuati mgongoni. Maji yanayojaa yanakufuata, na huku mawimbi yana tabia mbaya, yanakuja madogo madogo unazoea unashusha tripodi, linatokea moja la ajabu. Mwaka juzi niliteleza kwenye ule mwani mweusi mwembamba ambao ukiuona unadhani ni kivuli tu, nikakaa chini kwa kishindo, filta ya lenzi ikapasuka, goti likavimba wiki mbili. Siku hizi jiwe jeusi silikanyagi hata unilipe.

Sehemu ambayo nitawapeleka siku zote mkija ni Pemaquid Point, saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Portland. Huko mwamba umejichora wenyewe. Ni mistari mirefu ya jiwe la kijivu na jeusi, imepindwapindwa kama unga wa chapati ulioviringishwa, na katikati inapita mikanda minene ya jiwe jeupe la kung'aa, lililopenya humo likiwa bado uji wa moto chini ya ardhi, mamilioni ya miaka huko nyuma. Mistari yote inakimbilia baharini. Ukisimama kule chini ukageuka kuutazama mnara, mistari inapanda kutoka miguuni kwako mpaka kwenye taa, huhitaji kutunga chochote, kazi yako ni kuinama. Weka kamera chini, magotini au chini ya hapo, lenzi pana, jiwe la mbele lijae nusu ya picha au zaidi. Mnara utakuwa mdogo kule juu kama kidole. Na uwe mdogo tu, ndivyo alivyouona baharia.

Picha maarufu ya pale ni ile ya kidimbwi, mvua ikinyesha maji yanabaki kwenye shimo la mwamba na mnara unaonekana umejigeuza ndani yake. Nimeipiga. Kila mtu ameipiga. Siisemi vibaya, ila ukishaipiga nyanyuka, tembea hatua hamsini.

Na huo mnara wa Pemaquid una kisa ambacho fundi yeyote wa pwani yetu angecheka. Wa kwanza ulijengwa 1827, na haukumaliza hata miaka kumi ukaanza kubomoka, kwa nini? Chokaa waliikoroga kwa maji ya bahari. Mwaka 1835 wakajenga upya na safari hii fundi akakubali kutumia maji baridi, yasiyo na chumvi, peke yake. Nikisimama pale nawakumbuka mafundi wa kwetu wanavyogombana na matajiri wanaotaka nyumba ya haraka haraka. Mnara huohuo wa pili ndo ulioko kwenye sarafu ya robo dola ya Maine ya 2003, na angalieni hiyo sarafu, aliyeichora ameweka mawe. Mchonga sarafu kwenye nafasi ndogo kuliko kifungo cha shati kaona mwamba ni lazima, wewe una kamera ya megapikseli 40.

Mwanga. Watu wanakimbilia anga jekundu, mi nimeacha. Jua likiwaka vizuri mnara mweupe unaungua kwenye picha, unabaki weupe mtupu, na mwamba unabaki giza, unakuwa huna hata kimoja. Siku ya mawingu, hasa ya ukungu mwepesi, weupe wa mnara unatulia, jiwe linatoa kila mstari, na honi ya ukungu, ile ya kuzionya meli, inalia huko unasikia raha peke yako maana wenye tripodi wote wamelala. Shata, lile pazia la kamera linaloingiza mwanga, naiacha wazi kama nusu sekunde, maji yanarudi baharini yanachora nyuzi nyeupe juu ya jiwe. Ukiacha sekunde 30 kwa zile filta nyeusi za kupunguza mwanga bahari inageuka uji wa mchele, na mi sijawahi kuona meli iliyozamishwa na uji.

Kuna kajambo kadogo wengi hawakajui: kila taa ina mpigo wake. Ya Portland Head inamulika kila baada ya sekunde 4, ya Pemaquid sekunde 6. Mabaharia ndo wanavyozitambua usiku. Kwa hiyo ukitaka taa iwake kwenye picha wakati wa magharibi usibahatishe, weka shata sekunde 4 au zaidi kwa Portland Head, mmuliko mmoja hauwezi kukukosa. Nilipoteza jioni tatu kabla sijajua hilo, napiga napiga naangalia, taa imezimwa, nikadhani imeharibika!

Baridi sasa. Januari bahari hapa inafuka moshi kama sufuria, hewa inakuwa baridi kuliko maji kiasi kwamba mvuke unasimama juu ya mawimbi, na mnara wa Ram Island Ledge kule nje unaonekana umeota juu ya moshi. Huo ni wa 1905, wa mawe ya granaiti, juu ya mwamba ambao maji yakijaa haupo, na mwaka 2010 serikali iliupiga mnada ukauzwa dola 190,000. Nani ananunua nyumba isiyo na uwanja sijui. Siku kama hizo betri inakufa kwa dakika ishirini, kwa hiyo ya akiba naiweka kwapani ndani ya shati, na sioni aibu kuiandika.

Ila kilichonifanya niandike yote haya ni Januari 2024. Zilipita dhoruba mbili kwa wiki moja, tarehe 10 na tarehe 13. Ya kwanza ilibomoa kibanda cha kengele pale Pemaquid. Ya pili maji yalipanda Portland mpaka futi 14 na ushee, haijawahi kupimwa hivyo, yakavibeba vile vibanda vya zamani vya wavuvi kule South Portland, vilivyokuwa juu ya mwamba tangu karne ya 19. Vibanda hivyo nilikuwa nimevipita mara kadhaa, nikasema nitavipiga siku anga likiwa zuri. Sina hata picha moja. Nilienda wiki ile, mwamba upo palepale, umeoshwa safi, umebaki peke yake, na nilipoinamisha kamera kupiga nikaona sehemu kibanda kilipokaa jiwe lina rangi tofauti kidogo. Hiyo ndo picha niliyonayo, ya jiwe lenye doa, na ukiniuliza kati ya picha zangu zote za huku ninayoipenda nitakutajia hiyo.

Nilimtumia mama picha mbili wasapu. Ya kwanza ilikuwa ya Portland Head, ile ya keki, akajibu, "Nyumba nzuri mwanangu, ya nani?" Ya pili ikawa ya Pemaquid maji yametoka, mwamba mpaka mwisho wa picha na mnara kidole kule juu. Akakaa kimya kidogo halafu akaniletea sauti. "Hapo pana pweza?" Nikamwambia hamna mama, huku ni baridi, wapo kome na kaa wadogo. Akasema, "Sasa umeshuka mpaka huko na bamvua lote hilo huna hata kikapu?"