Liberland: kodi ukipenda, ila kura kwa mizani

Vít Jedlička alikuwa kada wa Svobodní, chama cha kiliberali huko Ucheki kilichoanzishwa 2009. Na naposema kiliberali hapa sio ule wa Marekani wa kutaka serikali ifanye kila kitu, hawa ni wale wa serikali ikae mbali na mfuko wangu. Uchaguzi wa bunge wa 2013 chama kikaambulia asilimia 2 na ushee, wakati kuingia bungeni unahitaji 5. Jamaa akaona kama nyumbani hawatuelewi basi tutafute kwetu, na tarehe 13 Aprili 2015 akaenda kusimika bendera kwenye kipande cha msitu ukingoni mwa mto Danubi, mpakani mwa Kroatia na Serbia, kilomita za mraba kama 7 hivi, akatangaza nchi inaitwa Liberland.

Kile kipande kinaitwa Gornja Siga na hadithi yake tamu. Karne ya 19 mto ulinyooshwa, sasa Kroatia inasema mpaka ufuate ramani za zamani za viwanja, Serbia inasema mpaka ni katikati ya mto ulivyo leo. Kwa hiyo kuna maeneo makubwa ng'ambo ya mashariki ambayo wote wanayataka, na vipande vidogo magharibi, hiki kikiwemo, ambavyo hakuna anayevitaka, maana ukikidai hicho kidogo umeshaukubali mstari wa mwenzio na yale makubwa yamekuponyoka. Jedlička akasema basi hii haina mwenyewe. Kroatia wakamjibu hapana, ni ya mmoja wetu, bado tu hatujaelewana ni nani.

Sasa sera zao. Kubwa kabisa ni kodi ya hiari. Hakuna wa kukulazimisha, serikali inabaki na kazi chache kama ulinzi na mahakama, mengine watu wajipange wenyewe. Wapo wanaocheka, mi sicheki haraka hivyo. Hoja yao ina uzito, kwamba mtu akilipa kwa kupenda serikali itabidi imbembeleze, na pesa ikiliwa ovyo watu wanaacha tu kutoa, hawasubiri miaka mitano. Ukitaka uraia pia masharti ni mepesi, uheshimu watu, imani zao na mali zao, usiwe na historia ya ukomunisti wala unazi wala msimamo mkali wowote. (Hilo la mwisho limenichekesha kidogo, watu wa uhuru wa mawazo halafu wanakuuliza zamani uliwaza nini.)

Lakini kodi ya hiari ina tatizo ambalo yeyote aliyewahi kuwa kwenye kamati ya harusi analijua. Watu wanachanga kwa sababu mweka hazina anapiga simu, jina linasomwa kwenye grupu na aibu ipo. Raia wa Liberland ametawanyika duniani kote na hajuani na mwenzake, aibu itatoka wapi? Wenyewe waliliona hilo, dawa yao ikawa Merit, sarafu yao ya kripto ambayo unaipata kwa kuchangia pesa au kazi, na ukifikisha 5,000 unapewa uraia. Hadi hapo sina shida. Shida ni kwamba hizo hizo Merit ndizo zinazopima nguvu ya kura yako, mwenye nyingi kura yake nzito, mwenye chache nyepesi.

Hapa ndipo watetezi wao wanasema kuna ubaya gani, kampuni si inaendeshwa hivyo hivyo kwa hisa, na kwa nini asiyetoa kitu aamue pesa ya aliyetoa? Sawa, nimeielewa, tena ukiwa umewahi kuona pesa ya kijiji inagawanywa na watu ambao hawakuchanga hata mia utaielewa zaidi. Ila kampuni ukichoka unauza hisa unaondoka, haikupeleki mahakamani kwake wala haikutungii sheria ya jinai. Kwangu mimi huu ndio udhaifu wa sera yote na sio bahati mbaya, umetoka humo humo kwenye uhuru wao, kwa sababu ukishakataa kumlazimisha mtu kulipa inabidi umpe kitu ndo alipe, na serikali ndogo haina cha kumpa zaidi ya madaraka. Oktoba 2024 wakamchagua Justin Sun kuwa waziri mkuu, bilionea wa kripto, yule ambaye mwezi uliofuata alinunua kazi ya sanaa, ndizi iliyobandikwa ukutani kwa utepe wa gundi, kwa dola milioni 6.2 akaila ndizi yenyewe. Sisemi alinunua cheo, nasema tu kwenye mfumo ule tajiri wa kripto hachukui muda kupendeza.

Kwa upande mwingine kuwahukumu kabisa ni mapema maana hawajawahi kupewa nafasi ya kushindwa vizuri. 2023 walianza kuishi pale, wakajenga vibanda, Septemba mamlaka za Kroatia zikaja zikavunja. Hamna mgonjwa aliyekosa hospitali wala mtoto aliyekosa shule kwa kodi ya hiari, kwa sababu hamna hospitali wala shule. Hata swali la nani atalipia barabara halijafika, kwa sasa njia ya kuingilia inalindwa na polisi wa Kroatia, na mishahara ya hao inatoka kwenye kodi ya lazima.