Mama asiye na kura, na mimi niliyekuwa nayo

Jirani yangu ni mama wa Monterrey, Meksiko. Yuko Houston mwaka wa ishirini na kitu, hana karatasi, hajawahi kupiga kura hapa na sidhani kama atapiga. Lakini Oktoba 2024 jikoni kwake palipikwa siasa nzito kuliko vibaraza vyote vya kwetu Kisauni, Mombasa.

Nilikwenda kumrudishia sufuria. Nikamkuta na mwanawe, kijana wa miaka 18 aliyezaliwa hapa hapa, wameinamia karatasi ya mfano ya kura. Kaunti ya Harris huitoa kwa Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina, nayo ni ndefu kama mkeka: rais juu, kisha majaji, majaji, na majaji tena. Kijana anatafuta majina kwenye simu, mama anachagua, kijana anaandika nyuma ya risiti ya dukani. Risiti, kwa sababu Texas hairuhusu simu ndani ya futi 100 za pahali pa kupigia kura, lakini kikaratasi chako unaingia nacho. Na aliyekazaniwa hakuwa rais. Alikuwa hakimu wa mtaa, yule wa huko chini mwishoni, anayesikiliza kesi za wapangaji kufukuzwa nyumba. "Trump hanijui," mama akasema, akigonga jina kwa mwiko. "Huyu ndiye tutakayesimama mbele yake kodi ikichelewa."

Nimesimama na sufuria mkononi. Mimi raia wa Marekani kwa miaka mitatu, na sijajiandikisha.

Tusemezane ukweli, Wakenya wenzangu wa huku. Wengi wetu tulikula kiapo kwa ajili ya pasipoti na kumwombea mama viza. Siasa zetu ziko WhatsApp, ambako watu hukesha hadi alfajiri wakigawa vyeo vya Nairobi. Na kura yenyewe ya Nairobi? Mwaka 2022 tulioandikishwa ng'ambo nzima tulikuwa 10,443. Kwa Marekani ilibidi uende New York, Washington au Los Angeles, na ukifika unapewa karatasi moja tu, ya rais. Kutoka Houston hiyo ni tiketi ya ndege kwa tiki moja, simlaumu aliyebaki. Ninachoshindwa kukitetea ni kuiacha ile iliyoko maktaba ya mtaani, dakika saba kwa gari, inayoamua juu ya mitaro ya barabara yako na hakimu wa nyumba yako.

Walatino, yaani watu wa asili ya Amerika ya Kilatini kama jirani yangu, hawakuzaliwa na hamu hiyo. Wazee wetu walilia na kodi ya kichwa. Texas ilikuwa na kodi ya kura mpaka 1966, dola moja na nusu au zaidi kidogo, na kibarua wa mashambani alijua achague lipi kati ya hiyo na unga. Mwaka 1974 Willie Velásquez wa San Antonio akaanzisha mradi wa kuandikisha wapiga kura, nyumba kwa nyumba, akianza na lami na maji ya mafuriko kabla ya kutaja chama chochote. Kaulimbiu ilikuwa *Su voto es su voz*, kura yako ndiyo sauti yako.

Kisa ninachokipenda zaidi, hata hivyo, ni cha watu wasio na kura kabisa. Mji wa Tyler, huku huku Texas, ulitaka dola 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto asiye na karatasi anayetaka kusoma shule ya umma. Familia nne zikaenda mahakamani. Zilifika alfajiri, vitu vyao vimepakiwa garini, kwa hofu kwamba huenda wakafukuzwa nchini siku hiyo hiyo. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ikawapa haki, majaji watano kwa wanne. Watoto wa Waafrika wasio na karatasi wanaosoma bure leo wanakula matunda ya wazazi wale.

Sisi wa Pwani kisa kama hicho tunacho, ila hatukisimulii. Binamu yangu alipokwenda kuchukua kitambulisho alipigwa msasa afisi baada ya afisi, mpaka akaulizwa kitambulisho cha babu, marehemu tangu sijazaliwa. Bila kitambulisho hakuna kura. Na Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kwenda Nairobi kumwona rais. Wakatambuliwa kuwa kabila la 43, wakapewa vitambulisho, na Agosti 2017 wakachovya kidole kwenye wino. Walatino wa hapa walipoandamana Chicago na kwingineko 2006 walikuwa na mabango: leo tunaandamana, kesho tunapiga kura. Kwale na Chicago wimbo ni ule ule.

Jambo moja lilinishangaza. Kwetu ukisikia jina la mtu unadhani ushajua kura yake, na wengi hupiga suti ya vipande sita, chama kimoja kwa vyeo vyote sita, bila kutazama pembeni. Nikadhani Walatino ni hivyo hivyo. Kumbe Kaunti ya Starr, mpakani, ambako karibu kila mtu ni wa asili ya Meksiko, mwaka 2024 ilimpa ushindi mgombea urais wa Republican, chama cha Trump, kwa mara ya kwanza tangu 1892. Jirani yangu alikasirika wiki nzima. Mimi niliona kwamba watu wale hawana mwenyewe, na hilo kwetu bado ni ndoto.

Sheria ya 1975 iliyoleta karatasi za kura za Kihispania haikutaja Kiswahili wala Kisomali. Lakini mzee wa Kikongo asiyesoma Kiingereza anaruhusiwa kuingia na mtu wake wa kumsaidia, hata mwanawe, ilimradi asiwe mwajiri wake au wakala wa mwajiri, wala kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Na wewe mwenye grini kadi, ukiulizwa kwenye leseni ya gari kama unataka kuandikishwa, sema hapana. Kuna waliotia tiki kwa bahati mbaya wakapoteza uraia waliokuwa wakiungojea.

Siku ya kijana kupiga kura niliwapeleka mimi, kwa kuwa mama hana leseni. Kijana akaingia na risiti yake, mimi na mama tukabaki garini, kiyoyozi kikivuma: yeye sheria imemkataza, mimi uvivu. Akatoka na stika kifuani. Mama akashusha kioo kabla hajafika.

"Na yule wa nyumba?"

Kijana akakuna kichwa. Majaji walikuwa wengi, alichoka, yule wa chini hakumfikia.

Mama hakumjibu. Akanigeukia mimi, akaniuliza kadi yangu ya mpiga kura itafika lini.