Mtasema Mchana, Usiku Mtalala

Ukitaka kumsema jirani bila kufungua mdomo, nunua doti ya kanga. Balozi wa nyumba kumi hawezi kuliita vazi kwenye kikao.

Kijembe cha kanga kimesukwa kwa akili kuliko matusi yote ninayoyajua. Aliyeivaa hakuyatunga maneno yale, ameyakuta dukani. Jirani akija juu, anaulizwa kwa upole: "Kwani, shoga, jina lako limeandikwa hapo?" Akilalamika amejitaja mwenyewe, akinyamaza yamemwingia. Chukua hii: "Mtasema mchana, usiku mtalala." Hao wanaosema ni akina nani? Atakayenuna ndiye.

Hata pa kuyaweka maneno pamefikiriwa. Jina, ndivyo msemo wa kanga unavyoitwa, hukaa chini ya mji, yaani sehemu ya katikati, juu kidogo ya pindo, na mtu akijifunga mara nyingi huangukia nyuma. Kwa hiyo mlengwa anasalimiwa vizuri kabisa, anaulizwa na hali ya watoto, halafu anasomeshwa mwenzake anapoondoka.

Anayetajwa sana kwa kuanzisha desturi ya kuandika misemo hii ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zinajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Hiyo ni mwanzoni mwa karne ya 20, na maneno ya awali yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Alikuwa anauza nguo, ila nahisi alijua fika kwamba nusu ya anachouza ni ugomvi.

Wanaume ndio hatujaelewa. Mwanamke dukani anaanza na jina, rangi baadaye. Sisi tunaanza na maua, na mara nyingi tunaishia hapo hapo. Ndiyo maana mume anaweza kurudi nyumbani akitabasamu, zawadi mkononi, kumbe imeandikwa "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu". Mkewe akimwuliza ana maana gani, atasema mauaridi yamemvutia. Hataaminiwa, na mimi simtetei.

Ila maneno hayohayo hubadilika yakihamia kwenye chuma. "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu" kwenye kanga yanatuliza moyo. Yabandike nyuma ya daladala inayolipita lori kwenye kona, halafu uone abiria watakavyotamani dereva mwenye leseni. Misemo ya magari kwa jumla naiona dhaifu kidogo, maana mwenye gari anajisifu mno. Ninaoupenda ni "Kazi mbaya si mchezo mwema", labda kwa sababu unamcheka mwenyewe kabla haujawacheka wengine.

Siku hizi vijembe vimehamia kwenye status za simu, na hapo ndipo ufundi ulipopotea. Status ina jina lako, picha yako na saa uliyoandika, kisha inakuletea orodha ya waliosoma. Mtu anakaa anaikodolea macho orodha hiyo kama karani wa mahudhurio, akimsubiri mmoja tu. Asipotokea, anaongeza maneno. Akiendelea kutoonekana, anamtaja kwa herufi ya kwanza, na mwishowe wanaotokea ni wifi, mkuu wa kazi na mchungaji. Ndipo anafuta kila kitu na kuandika: "Samahanini, mtoto alikuwa anachezea simu."