Mgombea mchanga na tiketi ya urais: tuulize inatolewa na nani

Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 umeurudisha mjadala ule ule kwenye baraza za Mkunguni hapa Lamu: je, mtu asiye na miaka mingi katika siasa anaweza kupata tiketi ya urais ya chama chenye uzito? Vijana wanasema anaweza, na jina la kwanza kutajwa ni Obama. Wazee wanasema hawezi, na akiweza atawaponza watu. Kila upande una haki yake. Kinachonisumbua ni kwamba wote wanabishana juu ya mgombea, wasiulize tiketi yenyewe inatoka mikononi mwa nani.

Hoja ya wazee si ya kubezwa. Katika mji ulioishi kwa bahari, hakuna aliyekabidhiwa jahazi kabla hajateka maji ngamani na kupigwa na kusi akiwa baharia wa kawaida. Urais nao una mambo yasiyofundishwa jukwaani, kama kumtambua mshauri anayekudanganya au kujua nani wa kuzungumza naye Bunge linapogoma. Na ushahidi wanao. Uhuru Kenyatta alishindwa ubunge wa Gatundu Kusini mwaka 1997. Mwaka 2001 Rais Moi akamteua kuwa mbunge, akampa uwaziri, na mwaka uliofuata akamtangaza kuwa chaguo lake. Raila Odinga, Kalonzo Musyoka na George Saitoti wakaihama KANU, chama tawala. Mkutano wa wajumbe wa KANU uwanjani Kasarani, Nairobi, ukamwidhinisha Uhuru Oktoba, na Desemba akabwagwa na Mwai Kibaki, aliyekuwa bungeni tangu 1963, kwa asilimia 62 dhidi ya 31.

Wazee huishia hapo, lakini mimi naona kisa hicho kina zaidi. Tiketi ile haikushindaniwa. Kilichowatoa vigogo KANU hakikuwa uchanga wa Uhuru peke yake, bali mkono uliomsimamisha juu ya vichwa vyao. Lau angewashinda kwa kura za wanachama, wangeondoka wakionekana watu wasiokubali kushindwa. Ila niwape wazee haki yao: Uhuru aliposhinda mwaka 2013, alikuwa ameshapitia uongozi wa upinzani, wizara ya fedha na unaibu waziri mkuu.

Vijana nao wanamtaja Obama kwa wepesi mno, kana kwamba hotuba nzuri ndiyo iliyompa tiketi. Alipotangaza nia huko Springfield, Februari 2007, alikuwa na miaka miwili tu katika Seneti ya Marekani, baada ya miaka takriban minane katika seneti ya jimbo la Illinois. Hillary Clinton, mpinzani wake ndani ya chama, alikuwa na jina, pesa na watu kila jimbo. Lakini mwaka 2002 Obama alikuwa amepinga hadharani mjini Chicago vita vya Iraq vilivyokuwa vikiandaliwa, na Clinton akapiga kura Seneti kuviruhusu. Wapiga kura walipovichoka vita hivyo, miaka ya Clinton bungeni ikawa mzigo kwake.

La pili ni kanuni, na hapa ndipo ningependa vijana wetu watulie. Chama chao cha Democratic hugawa wajumbe, ndio wanaomteua mgombea, jimbo kwa jimbo kulingana na uwiano wa kura. Tarehe 5 Februari 2008, Clinton alishinda New Jersey, jimbo kubwa, akapata wajumbe 59 na Obama 48, yaani ziada ya 11. Siku hiyo hiyo Obama alishinda Idaho, jimbo dogo ambalo wapinzani wake hawakulishughulikia sana, kwa wajumbe 15 dhidi ya 3. Ziada yake ni 12. Kijimbo kidogo kilimfaa kuliko jimbo kubwa lilivyomfaa mpinzani wake.

Sisi wa Lamu hesabu hiyo inatuhusu. Kaunti yetu ndiyo yenye wapiga kura wachache kuliko zote nchini. Hata hivyo Katiba ya 2010 inamtaka mshindi wa urais, mbali na kupita nusu ya kura zote, apate angalau robo ya kura katika kaunti 24, na hapo Lamu ni kaunti moja kama Nairobi ilivyo moja. Ili jina lake liingie kwenye karatasi ya kura, anahitaji pia kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila moja ya kaunti zaidi ya nusu. Sheria imetupa uzito. Vyama ndivyo vinavyotunyima. Machi 2022, William Ruto aliidhinishwa Kasarani na Raila Odinga katika uwanja wa Jamhuri, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mpinzani wa kumshinda siku hiyo. Mjumbe wa Lamu anavuka hadi Mokowe, anasafiri mpaka Nairobi, akalipigie makofi jina lililokwisha kuamuliwa. Mgombea mchanga atapenya wapi hapo, isipokuwa awe mtu wa fulani?

Mchujo wa wazi nao haumbebi kila mgeni. Pete Buttigieg, aliyekuwa meya wa South Bend, aliongoza kwa wajumbe Iowa katika mchujo wa Democratic mwaka 2020, kisha akaanguka South Carolina, kwenye wapiga kura wengi Weusi. Hapo Joe Biden alikuwa na urafiki wa miaka mingi, na James Clyburn, mbunge anayeheshimiwa sana jimboni humo, akamdhamini hadharani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo maana halisi ya uzoefu kwenye mchujo: nani yuko tayari kusimama mbele ya watu wake akasema, huyu namjua. Urefu wa orodha ya vyeo si kitu. Donald Trump hakuwa ameshika cheo chochote cha umma alipomshinda Jeb Bush, aliyekuwa gavana wa Florida kwa mihula miwili, katika mchujo wa Republican mwaka 2016. Lakini alikuwa ameonekana kwenye televisheni miaka na miaka. Mchanga alikuwa, mgeni hakuwa.

Kuna wanaosema mgeni aunde tu chama chake, au aingie kidogo kilichopo. Mwalimu Mohamed Abduba Dida aligombea hivyo mwaka 2013 na 2017. Jina lilikuwa kwenye karatasi, kura hazikuja. Sasa David Maraga, Jaji Mkuu aliyeongoza mahakama kufuta matokeo ya urais Septemba 2017, ametangaza nia ya 2027 bila kuwahi kuwa mbunge. Uadilifu wake unajulikana hata kisiwani, lakini kujulikana si sawa na kuwa na mawakala Kiunga.

Sheria ya vyama, tangu marekebisho ya 2022, inaruhusu mchujo wa wanachama wote au wa wajumbe. Uamuzi ni wa chama. Basi kila chama kitakachoshuka jeti yetu kuomba kura za urais kiulizwe mapema, na wazee na vijana kwa pamoja: mchujo wenu wa urais ni lini, na masanduku yatafika Faza, Kizingitini, Mpeketoni na Witu?