Kabla ya Kuuliza Bei ya Wino, Uliza Kama Printa Inaongea IPP

Tangazo limebandikwa kwenye kuta za steshenari nyingi hapa Dar, Mwenge mpaka Kariakoo: "Tuma kazi yako WhatsApp." Mteja anatuma. Amesimama hatua mbili tu kutoka kwenye printa, lakini cheti chake cha kuzaliwa kinasafiri hadi seva za ng'ambo, kinarudi kwenye simu ya dukani, kinahamishiwa kwenye kompyuta, kisha kinabaki humo. Mwenye duka hana nia mbaya. Printa yake inajulikana na kompyuta moja pekee, ile iliyowekewa draiva, yaani programu ya kuiendesha printa hiyo. Hili linaniuma, maana dawa yake ipo tangu mwaka 1999.

Dawa ni IPP (Internet Printing Protocol), lugha ya pamoja ambayo kompyuta, simu na printa hutumia kuongea kwenye mtandao. Kabla yake kulikuwa na LPD, njia ya zamani ya kutuma kazi kwenye printa kupitia mtandao, iliyoandikwa rasmi mwaka 1990, na ule mlango wa mtandao (port) namba 9100 ambao mafundi wengi bado wanauchagua kwa mazoea. Mlango 9100 ni mfereji: unamwaga data, printa inapokea, basi. Ukimwaga PostScript, lugha mojawapo ya kueleza kurasa, kwenye mashine inayoelewa lugha nyingine ya PCL tu, zinatoka kurasa hamsini za herufi zisizosomeka, na rimu ya karatasi imekwenda.

IPP inaanza kwa kuuliza. Una karatasi gani? Unachapa pande mbili? Una rangi? Unapokea PDF au PWG Raster, yaani ukurasa uliogeuzwa kuwa picha? Printa inajibu kwa maneno yaleyale, awe kaitengeneza nani. A4 inaitwa iso_a4_210x297mm kwenye kila mashine inayofuata kiwango. Mnaodhani hilo ni jambo dogo, kumbukeni ile taa inayomweka ofisini huku trei imejaa karatasi. Draiva imetoka kiwandani ikiwa imepangwa Letter, milimita 215.9 kwa 279.4, na printa inasubiri karatasi ambayo hapa mjini haiuziki. Mtu anabonyeza kuchapa tena, na tena. Akija anayejua kubonyeza kitufe cha kuendelea, nakala zote zinatoka kwa mkupuo. Kiwango kingefuatwa, kompyuta ingejua mapema kwamba trei ina A4.

Walioandika lugha hii ni wahandisi wa kampuni zinazonyang'anyana wateja, waliokaa meza moja chini ya PWG (Printer Working Group), kikundi cha viwango vya printa kilichoanza mwaka 1991. Walibishana juu ya jina la kila trei na kila hali ya mashine: kifuniko kiko wazi, tona inakwisha, karatasi imekwama. Mwaka 2013 wakatoa IPP Everywhere, printa ikatumika bila draiva kabisa. AirPrint ya Apple, ya mwaka 2010, nayo imejengwa juu ya IPP. Android tangu toleo la 8 inakuja na huduma ya kuchapa ndani yake. Kazi ngumu ilishafanyika. Sisi bado tunatafuta sidii ya draiva.

Na draiva si usumbufu tu. Mwaka 2021 kasoro ya PrintNightmare ilionyesha kwamba mtu angeweza kupitia huduma ya kuchapa ya Windows, akaingiza draiva bandia, akajipa mamlaka yote ya kompyuta.

Nakubali, kuna printa nzuri za mtumba zenye waya wa USB tu, na hakuna sababu ya kuzitupa. Ziunganishe na kompyuta ndogo yenye Linux na CUPS, programu yake ya kuchapa, zitaonekana kwenye mtandao kama printa za IPP. Nakubali pia kwamba hakuna kiwango kitakachokausha karatasi iliyonyonya unyevu wa Dar; rimu ikishafunguliwa, ifungeni vizuri.

Wanaosema "nilijaribu, haionekani," kwa kawaida tatizo ni rauta. Simu huitafuta printa kwa kupiga mbiu kwenye anwani 224.0.0.251, mlango 5353, na waifai ya wageni huizuia mbiu hiyo. Tengenezeni waifai ya wateja inayoifikia printa peke yake. Ipeni printa anwani ya kudumu kwenye rauta, isibadilike umeme ukikatika. Bado haionekani? Kwenye kompyuta andikeni wenyewe ipp://192.168.1.50/ipp/print, mkiweka anwani yenu. Kwa nyaraka za siri tumieni ipps, ambayo husimba data njiani. Na mlango 631, ambao ndio wa IPP, usifunguliwe kwa intaneti hata siku moja.

Kwa maofisa ununuzi, acheni kuandika jina la kampuni kwenye zabuni. Andikeni kwamba mashine iwe na uthibitisho wa IPP Everywhere, kwani orodha ya zilizofaulu iko wazi kwenye tovuti ya PWG. Kisha ongezeni sharti la makabidhiano: mbele ya mnunuzi, ichape ukurasa mmoja wa A4 kutoka simu ya Android, mmoja kutoka iPhone na mmoja kutoka laptopu ya Linux, bila kusakinisha chochote. Ikishindwa mmojawapo, irudi kwenye gari la muuzaji.