Kwa Nini Naukadiria Mpira wa Seluloidi Juu ya Mpira wa Pembe

Wauzaji wa vifaa vya kale vya biliadi hupenda kutanguliza mipira ya pembe za ndovu, wakiamini kwamba jina la pembe peke yake linatosha kupandisha bei. Naona wamepotoka, kwa kuwa mpira wa miaka ya mwanzo wa seluloidi, yaani aina ya plastiki ya kale, ambao wengi huudharau kuwa ni bandia, ndio unaostahili kutafutwa zaidi, mradi utambuliwe sawasawa.

Fundi wa zamani alichonga mpira kutoka sehemu ya pembe ambapo mfereji mwembamba wa neva ya pembe hiyo ungepita katikati ya mpira, ili uzito usiegemee upande mmoja. Ndiyo maana mpira wa pembe halisi mara nyingi huwa na kidoa cheusi kwenye ncha zake mbili, na ukiutazama kwa kioo cha kukuzia karibu na kidoa hicho utaona mistari hafifu inayokatana kama nyuzi za wavu. Mistari iliyonyooka na kupangika kwa usawa mno hunielekeza kwenye seluloidi. Mfupa wa ng'ombe, ambao wauzaji huutaja bila kufikiri, hauna unene wa kutoa mpira mzima. Inafaa pia kupima kipenyo kwa pande kadhaa, kwani pembe husinyaa bila kulingana, na mpira unaodaiwa kuwa wa karne ya 19 huku ukiwa duara kamilifu hunitia shaka. Jaribio la sindano ya moto liachwe kabisa: huiharibu pembe, na seluloidi hushika moto upesi. Kusugua kwa kiganja hadi mpira upate joto huweza kutosha, maana seluloidi hutoa harufu ya kafuri.

Mwaka 1863 wafanyabiashara wa vifaa vya biliadi Phelan na Collender wa New York walitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kushika nafasi ya pembe, na John Wesley Hyatt, aliyevutwa na tangazo hilo, akaishia kwenye seluloidi, aliyoipatia hataza mwaka 1870. Wakati huohuo wapagazi walikuwa wakizibeba pembe kutoka bara hadi pwani yetu, zipitie Zanzibar kuelekea viwanda vya ng'ambo, vikiwemo vya Connecticut. Kwangu mimi, mpira unaothibitika kuwa wa kazi ile ya Hyatt una uzito wa kihistoria ambao mpira wa pembe hauwezi kuufikia.

Halafu kuna sheria. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2018 iliyoanza kutumika 2022, imezuia biashara ya pembe isipokuwa kwa misamaha michache. Fimbo ya biliadi ya kabla ya Machi 1947 yenye kipande cha pembe kisichofikia asilimia 10 ya ujazo wake inaweza kusajiliwa ikauzwa, lakini mpira mzima wa pembe hauwezi kupita mlango huo. Mpira kama huo ukiletwa kwangu niukadirie thamani, nitaueleza kwa kina, nitapendekeza upelekwe makumbusho, na sehemu ya bei nitaiacha wazi.